Jino la Mshika Bomba

Katika nchi ya Mkauko, mgeni akifika mpakani haulizwi jina wala kabila. Anaulizwa ana madumu mangapi ya maji. Akisema hana hata moja, anaonyeshwa kwa kidole njia ya kurudi alikotoka, tena kwa upole. Akisema anayo, askari wanasimama wima, wanamwita mheshimiwa, na mmoja wao anampangusa punda wake vumbi.

Mwatumu, mng'oa meno kutoka pwani ya mbali, alifika na madumu sita ya maji. Alikuwa anarejea kwao baada ya miaka mingi ya kuzunguka na koleo lake, na kati yake na nyumbani ulibaki Uwanda Mweupe, ambako hakuna kisima wala jani. Madumu sita yalimtosha kuvuka na punda wake, basi, si zaidi. Alikusudia kupumzisha miguu kidogo katika mji wa Bondeni, kisha aendelee kabla pepo za joto hazijaanza. Lakini watu wa Mkauko wanakula matikiti asubuhi, mchana na jioni, na meno yao ni ya kusikitisha. Habari za koleo zilipoenea, wagonjwa walijazana mlangoni, na mapumziko yakageuka kazi.

Alifikia kwa Bi Nyamizi, mjane mcheshi aliyeuza mbegu za matikiti za kukaanga. Jioni ya kwanza, Bi Nyamizi aliyaona madumu yamepangwa kando ya kitanda, akashika mdomo.

"Daktari! Unalala na maji ndani?"

"Nilale nayo wapi tena?"

"Yapeleke hodhini, mwenzangu! Majirani wakijua watasema nimemleta mshamba."

Kwa kweli ni zaidi ya ushamba. Sheria ya Mkauko inakataza mtu kulala na maji yanayozidi ya kunywa siku moja. Maji yaliyotulia nyumbani huitwa maji mavivu, na mwenye kuyafuga huhesabiwa mtu asiyeipenda nchi yake. Mwenye akili huyapeleka hodhini yakafanye kazi. Katika mji mkuu wanalo Hodhi Kuu, jumba lenye nguzo na walinzi. Bondeni wanalo Hodhi la Bondeni, dogo, la mkoa, na wanalipenda kuliko ndugu zao.

"Hodhi Kuu ukienda wewe ni namba," alisema Bi Nyamizi. "Hapa kwetu wanakujua. Wanakunyima huku wanakuita shangazi."

Yeye mwenyewe alikuwa ameweka humo kikombe baada ya kikombe tangu afiwe na mumewe. Alitaka kuchimbiwa kisima uani, na katika nchi ile mafundi wa visima hawapokei malipo mengine isipokuwa maji. Mwatumu aliona ajabu mtu kudunduliza maji ili apate maji, akamuuliza kama akiba hiyo haimtoshi.

"Ya hodhini ni yangu," Bi Nyamizi alijibu, "lakini kisima kitakuwa changu hata nikiwa nimelala."

Kesho yake Mwatumu alipeleka madumu yake. Karani alimpokea kwa kicheko, akamuuliza habari za punda, akamkata kikombe cha kuwekea. Kikombe kingine, alimweleza, kitakatwa siku ya kutoa, na kijiko kimoja kila atakapouliza amebakiwa na kiasi gani. Wenye akiba ndogo sana hukatwa na cha ziada, kwa sababu uchache ni mgumu kutunza.

"Sasa nionyeshe maji yangu yatakaa wapi," alisema Mwatumu.

Karani alimpeleka kwenye dirisha la kioo lililotobolewa ukutani. Lilikuwa chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu, ili maji yaonekane hata yakiwa machache. Mwatumu aliinama na kuchungulia. Yalikuwa machache.

"Mbona humu hamna kitu?"

"Mna kitu, mama. Sheria inataka ndoo moja katika kila kumi ibaki humu, na imebaki."

"Na zile tisa?"

"Ziko kwenye matikiti."

Karani alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka mbali. Mwenye maji akiweka ndoo kumi, mwaka ukiisha anapewa kumi na kikombe. Mkulima wa matikiti akizikopa ndoo hizo hizo, msimu ukiisha anarudisha kumi na mbili. Kinachobaki katikati ndicho kinacholisha Hodhi, makarani wake, na wenye vipande vyake.

"Na ninyi hapo katikati mnafanya kazi gani?"

"Tunakaa," alisema karani, na hakuwa anatania. "Usione ni kazi rahisi. Mkulima anataka akopeshwe mpaka tikiti liive. Mwenye maji anataka aruhusiwe kuchukua sasa hivi. Kazi yetu ni kukaa katikati wasije wakakutana."

"Nikiyataka yangu leo, utanipa?"

"Papo hapo."

"Kutoka wapi, kama yako kwenye matikiti?"

"Kwenye maji ya mwenzako."

"Naye akiyataka?"

"Atapewa ya mwingine."

"Na tukija wote?"

Karani aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza ule ucheshi wa kuita watu shangazi. "Kwa nini mje wote?" aliuliza. "Tumewakosea nini?"

Kisha akamkata kijiko cha maswali.

Mwatumu alirudi kwa Bi Nyamizi akicheka peke yake. Lakini siku zilivyopita alikiri moyoni kwamba mpango ule una maana yake. Pembeni mwa mji, mahali palipokuwa jangwa kavu, matikiti yalitanda kijani mpaka macho yanachoka, na kila shamba lilinyweshwa maji ya watu kama Bi Nyamizi, ambao wenyewe hawakuwa na shamba. Ubaya aliouona ni mmoja: hakuna aliyelima kitu kingine. Alipomuuliza karani siku tikiti likiugua itakuwaje, alijibiwa kwamba tikiti halijawahi kuugua, na akakatwa kijiko.

Kilichomshinda kabisa kukielewa ni habari ya vipande. Hodhi lenyewe lilikuwa limekatwa vipande na kuuzwa uwanjani, kwa yeyote, hata kwa watu wa miji ya mbali ambao hawajawahi kuyaonja maji yake. Kuanzia asubuhi wauzaji walisimama juu ya jukwaa wakipiga kelele: kipande kimepanda, kipande kimeshuka. Chini ya turubai lenye kivuli kizuri walikaa Wakisiaji, waheshimiwa wanene wenye kazi moja tu, kukisia Hodhi litapata ndoo ngapi msimu huu.

Siku ya kutangaza mapato ilimkuta Mwatumu mjini, akaenda kutazama. Msimu ulikuwa mzuri. Katibu wa Hodhi, Bwana Ndolela, mtu mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno litatumika mahakamani, alitangaza kwamba Hodhi limepata ndoo mia tatu za faida. Mwatumu alianza kupiga makofi. Alijikuta anapiga peke yake. Wakisiaji walikuwa wamekisia mia tatu na moja.

Wanawake walijifunga kanga viunoni na kuangua kilio. Wauzaji waliruka jukwaani wakitupa vipande kama vimeshika moto. Bwana Ndolela, kwa sauti iliyojaa majuto, aliwaomba radhi wananchi wote kwa faida hiyo, akaahidi kwamba haitarudiwa. Hakuna aliyewauliza Wakisiaji kwa nini walikisia vibaya, na wao walikuwa tayari wanaletewa chakula.

"Lakini wamepata!" Mwatumu alimwambia Bi Nyamizi.

"Wamepata, ndiyo. Lakini wamepata pungufu ya walichokuwa hawajapata," alisema Bi Nyamizi, na machozi yalikuwa yanamtoka kwelikweli.

Juu ya hayo yote ilikuwapo desturi ya mlo. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuona maji yaliyo ndani ya matikiti, watu wa Bondeni waliamua zamani kuitazama afya ya Hodhi mahali panapoonekana, yaani mdomoni mwa mkuu wake. Mkuu huyo huitwa Mshika Bomba. Kila adhuhuri hutoka barazani na kula ugali na nyama ya mbuzi mbele ya umma. Akila kwa raha, watu wanajua Hodhi ni zima na wanakwenda zao. Akimung'unya mfupa, kipande kinapanda. Kuna mwaka alipaliwa na pilipili, na mjini hapakuuzwa mbegu wiki nzima.

Mshika Bomba wa wakati ule alikuwa Bwana Ligongo, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, mwema, aliyekuwa mfuga mbuzi kabla ya kupandishwa cheo kwa sababu ya namna alivyokuwa akitafuna.

Asubuhi moja mjumbe alimfuata Mwatumu akamwambia abebe koleo, asiseme na mtu njiani. Alimkuta Bwana Ligongo kwenye chumba cha baraza kuu, shavu limevimba, ameshikilia kitambaa. Wazee wa baraza walikuwa wamemzunguka wamekunja nyuso. Mwatumu alimfungua kinywa, akagusa gego la chini kulia, na Mshika Bomba akatoa sauti ambayo katibu aliamuru isiandikwe.

"Jino limeoza mpaka kwenye mzizi," alisema Mwatumu. "Ling'olewe leo. Baadaye atakunywa uji, kesho kutwa atakuwa mzima."

"Uji!" wazee walisema kwa pamoja.

Bwana Ndolela alimweleza kwa upole kwamba Hodhi la Milimani lilikufa wiki ile ile mkuu wake alipoonekana na bakuli la uji, na yule alikuwa anaupenda tu.

"Basi asitoke nje leo."

"Mshika Bomba asiyetoka ni maiti, daktari."

Mjadala ukawaka. Mzee mmoja alipendekeza waseme amefunga, akakumbushwa kwamba jana alikula mbuzi nusu. Mwingine alikumbusha sheria inayotaka kila ugonjwa mkubwa wa mkuu utangazwe kwa umma, na hapo wakaanza kubishana kama jino ni kubwa. Mwatumu aliombwa alipime likiwa mdomoni. Wa tatu alishauri waite jino hilo fursa.

Mwatumu uvumilivu ukamwisha. "Waheshimiwa, si muwaambie watu ukweli? Tokeni mseme: Mshika Bomba anaumwa jino. Nani hajawahi kuumwa jino katika mji huu? Nimewang'oa nusu yenu!"

Bwana Ndolela alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayeijua kazi yake. "Tukikubali jino, daktari, watauliza tunaficha nini."

Ikaamuliwa Mshika Bomba ale.

Adhuhuri uwanja ulijaa kama kawaida. Bwana Ligongo alitoka akitabasamu kwa upande wa kushoto. Alikata tonge, akatoweza, akalitia mdomoni kushoto, akatafuna, na watu wakaridhika. Kama angeishia hapo mambo yangekwenda vizuri. Lakini alikuwa na moyo wa kazi. Alichukua paja la mbuzi, akaling'ata. Akaacha kutafuna. Chozi moja lilitiririka mpaka kwenye kidevu. Kisha, mbele ya wenye maji, wenye vipande na Wakisiaji, Mshika Bomba wa Hodhi la Bondeni aliitema nyama.

Mkisiaji mmoja aliinuka, akajipangusa mikono, akaondoka bila kumaliza chai yake. Jukwaani mtu alipaza sauti, "Nauza!" Mwingine akaitika, kipande kikashuka. Wenye maji waliokuwa hawajaona nyama ikitemwa waliona kipande kikishuka, wakakimbilia madumu. Wenye vipande waliona watu wakikimbilia madumu, wakauza vilivyobaki.

Mwatumu alisimama kwenye ngazi za baraza. Katika mji mzima, ukiwaacha wazee wa ndani, ni yeye peke yake aliyejua kwa hakika kwamba Hodhi halina ugonjwa. Matikiti yalikuwa yamenenepa, wiki chache tu yaive. Wakulima walikuwa watu waaminifu. Lilikuwa jino. Alijua vilevile, kwa hakika ile ile, kwamba dirishani mna ndoo moja katika kila kumi, na kwamba wanaokimbia hawatasubiri kuelezwa habari za gego. Wakifika kabla yake, maji yake yatakwenda na wao, pepo za joto zitaanza, na kwao hatapaona mwaka huu, pengine asipaone kabisa.

Akapandisha nguo zake magotini, akakimbilia nyumbani kuchukua madumu na punda. Hakukimbia kwa kutoamini. Alikimbia kwa kuwa aliwaona wengine, nao wengi wao walikimbia kwa sababu hiyo hiyo.

Alishika nafasi nzuri kwenye foleni, karibu na mlango. Nyuma yake foleni ilirefuka mpaka ikapinda kona ya uwanja. Karani alikuwa ameagizwa afungue bomba polepole na kwa furaha, na alikuwa anajitahidi. Bi Nyamizi alifika akihema, na mtungi kichwani. Alipomwona Mwatumu, aliacha nafasi yake akamsogelea.

"Daktari, wewe umemtazama kinywani," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie mimi, mwenyeji wako. Hodhi lina nini?"

"Halina kitu, Bi Nyamizi. Ni jino."

"Jino tu?"

"Jino tu. Nimeligusa kwa mkono wangu huu."

Bi Nyamizi alimtazama, kisha akayatazama madumu matupu miguuni pake. "Sasa mbona wewe umepanga foleni?"

Waliokuwa karibu walisogea wasikie. Mwatumu aliyavuta madumu karibu na miguu yake.

"Mimi ni msafiri," alisema. "Nilikuwa niyachukue wiki hii, yatokee haya au yasitokee."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi. Bi Nyamizi alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Tukiyachukua wote tutaliua Hodhi letu wenyewe kwa ajili ya jino la mtu." Alijitwisha mtungi wake mtupu, akaaga, akarudi nyumbani. Katika foleni ile yote, yeye peke yake ndiye aliyetoka. Waliobaki walisogea mbele kuijaza nafasi.

Mwatumu alipata madumu yake sita, pungufu ya kikombe cha kutolea. Hakuwa hata amefika mwisho wa uwanja aliposikia bomba likikoroma, kisha makelele, kisha mlango ukibamizwa.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu mzuri sana. Maofisa wa mji mkuu walifika na mihuri, wakaliweka Hodhi la Bondeni chini ya uangalizi, na kesho yake wakalikabidhi kwa Hodhi Kuu kwa bei ya ndoo chache, pamoja na mikopo yote ya matikiti. Kila mwenye akiba alifidiwa ndoo moja, awe alikuwa na ndoo moja au mia. Tume iliundwa kuchunguza chanzo. Haikuulizia dirisha, wala Wakisiaji, wala ndoo zile tisa. Ilitoa taarifa kwamba chanzo ni jino, ikapendekeza sheria: kuanzia sasa mtu asiwe Mshika Bomba mpaka ang'olewe meno yote. Mwatumu aliletewa kazi hiyo kwa malipo mazuri. Aliikataa. Alimng'oa Bwana Ligongo gego lake bure, na mzee wa watu akaliangalia kiganjani akilia, akisema ni dogo mno.

Matikiti yaliiva yakiwa matamu kuliko miaka yote. Wakulima walirudisha kila tone, kumi na mbili kwa kila kumi, na yote yakapelekwa mji mkuu.

Mwatumu alikuwa amechelewa kwa sababu punda wake aliumia kwato siku ile ya mbio; kwa bahati pepo za joto nazo zilichelewa, na kwa kuwa bomba lilikuwa limefungwa, hakuna aliyemuuliza habari za maji mavivu. Siku ya kuondoka alifungasha uani kwa Bi Nyamizi, pale palipokuwa pachimbwe kisima. Aliwaza kumwachia dumu moja. Alipiga hesabu ya Uwanda Mweupe mara mbili, na mara zote mbili hesabu ilimkatalia. Bi Nyamizi alitoka ndani na kikombe cha maji ya kumuaga mgeni, akampa kwa mikono miwili, naye akayanywa kwa kuwa kukataa ni tusi.

"Daktari, nikuulize tena," alisema Bi Nyamizi. "Kweli lilikuwa jino tu?"

"Kweli, Bi Nyamizi. Nakuapia."

"Basi hukunidanganya." Alipokea kikombe, akakifuta kwa ncha ya kanga. "Umenizidi mbio tu."

Mwatumu angependa atukanwe. Alikaza kamba ya dumu la mwisho, akaondoka na maji yake yote.